Tulivyomkana Mwenye Minazi

Baba alipofariki hatukugawana shamba. Ami, mdogo wake, alisema shamba la ukoo halikatwi vipande kama nyama ya akika, nasi tukakubali kwa sababu tulizoea kumkubalia. Lilikuwa shamba la minazi nje kidogo ya Kerege, upande wa baharini wa barabara ya Bagamoyo. Minazi yenyewe ilikuwa imezeeka, mirefu na imepinda, na nazi zake zilikuwa ndogo. Chini yake tulipanda muhogo na kunde. Wakati wa kuangua ukifika, ami aliita wakwezi, akasimamia, akatugawia kila mtu fungu lake. Hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake karatasi.

Siku moja, mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu ualimu, kibarua wetu alinipigia simu. Alisema kuna watu wanachimbia mawe ya mipaka katikati ya mihogo. Nilimpitia ami nyumbani kwake Dunda, tukaenda pamoja. Tuliwakuta wapimaji, vijana wenye adabu, wakamwamkia ami shikamoo kabla hatujawafikia. Mmoja wao akasema:

"Mzee, sisi tumetumwa tu. Shamba limeuzwa. Mnunuzi yuko Dar."

"Limeuzwa na nani?" ami akauliza.

Kijana akataja jina la ukoo.

Ukoo huo sitautaja, lakini ni lazima niueleze. Ni watu wa mji mkongwe wa Bagamoyo, ambao zamani walikuwa na biashara, na vyombo vya baharini, na mashamba kila upande. Ami alijinasibisha nao maisha yake yote. Tangu tukiwa wadogo alituambia kwamba sisi na wao ni damu moja, Washirazi, ila mzee wetu alipenda jembe kuliko biashara ndipo tukabaki watu wa shamba. Kwenye harusi zao alikwenda hata asipoalikwa, akakaa safu ya mbele. Jina la ukoo wao alilibandika mwishoni mwa jina lake, akamshauri baba afanye vivyo hivyo, na sisi watoto tukaandikishwa shule kwa jina hilo. Mimi ninalo mpaka leo kwenye cheti changu cha ualimu.

"Haiwezekani," ami akamwambia kijana. "Hao ni ndugu zangu."

Kijana aliinamisha kichwa, akaendelea kupima.

Alasiri ileile tulikwenda kwao. Mkubwa wa ukoo, mzee wa rika la ami, alitupokea kwenye baraza la nje. Hatukukaribishwa ndani. Tuliletewa kahawa, tukaulizana hali, tukaulizana hali za watoto, na za wajukuu, mpaka maneno ya salamu yakaisha. Ndipo ami akauliza. Yule mzee alijibu kwa upole, kama mtu anayemfariji mfiwa.

"Wazee wenu walikaa pale kwa hisani ya wazee wetu. Walikuwa watu wa nyumbani kwetu. Hatukuwasumbua miaka yote hiyo, au siyo? Lakini ardhi ni ardhi yetu."

Tuliporudi, ami alilikamata neno moja tu. "Umesikia? Kakiri mwenyewe kwamba sisi ni wa nyumbani."

Katika Kiswahili cha mji ule, mtu wa nyumbani si lazima awe ndugu. Nilihisi neno lile lina kitu ndani yake, kama mchanga kwenye wali, lakini sikutaka kulitafuna.

Tulifungua shauri kwenye baraza la ardhi. Karani alitusikiliza, akatuuliza tuna ushahidi gani. Ami akasema sisi ni wa pale tangu enzi. Karani hakucheka, lakini alisema, "Mzee wangu, kila anayekuja hapa husema tangu enzi. Wenzenu wana hati. Leteni maandishi yoyote ya zamani yanayoonyesha wazee wenu walikuwa pale, na walikuwa pale kwa haki gani."

Tukakutana nyumbani kwa ami: yeye, shangazi anayekaa naye tangu alipofiwa na mume, kaka yangu, na mimi. Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi na heshima yake mjini. Alinigeukia akasema, "Wewe umesoma, na kazi huna." Basi kazi nikawa nayo.

Nilianza kule kila mtu anakoanzia. Ofisi ya kijiji hawakuwa na kitu cha kabla ya kijiji chenyewe kuandikishwa. Kwenye masjala ya ardhi nilielezwa kwa uungwana kuwa eneo lile halikuwahi kuwa na jalada mpaka lile jipya la mnunuzi. Nikaenda kwa mjukuu wa Mhindi mmoja aliyekuwa akinunua mbata kwa wakulima wa upande ule, nikidhani huenda vitabu vya dukani vingali vipo. Alinionyesha sanduku. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu, wameacha majalada ya ngozi na udongo ndani yake.

Miezi ile ndipo nilipojifunza jambo ambalo ualimu haukunifunza. Mkulima wa pwani haandikwi kwa sababu analima. Huandikwa anapodaiwa kodi, anaposhtakiwa, anapougua tauni, anapovunja amri ya bwana shamba. Ukimtafuta kwenye habari za ardhi humpati. Mtafute kwenye habari za makosa yake. Mtu mmoja aliniambia wamisheni wa zamani waliandika vizuri majina ya watu walioachwa huru na kupewa mashamba, akaniuliza kama ningependa kutazama. Nikamwambia hapana, asante. Sisi ni Waislamu, tena hatukuwa watu wa namna hiyo. Nililisema hivyohivyo, kwa kujiamini, kama nilivyolelewa kulisema.

Nikawa nakwenda Dar es Salaam, kwenye chumba cha kusomea nyaraka za zamani. Unaagiza jalada, unasubiri, unaletewa, unalifungua taratibu kwa sababu karatasi zinavunjika kama mkate mkavu. Niliomba majalada ya kilimo ya enzi za Mwingereza, yale yasiyoombwa na mtu: barua za mabwana shamba kuhusu magonjwa ya mimea. Moja lilihusu chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Serikali iliamuru kila mnazi uliokufa ukatwe na kuchomwa, maana chonga hutaga ndani ya magogo yaliyooza. Aliyekaidi alitozwa faini, na bwana shamba aliandika jina lake, mahali alipo, na kosa lake.

Babu yangu alikuwemo. Mahali: njia ya Bagamoyo, baada ya Kerege, upande wa bahari. Kosa: magogo mawili yaliyooza, ameyaacha kwa makusudi, na amejibu kwa ufidhuli.

Sidhani kama kuna mjukuu aliyewahi kufurahi hivyo kwa babu yake kutozwa faini. Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu. Babu nilimkuta kikongwe, mtu wa maneno machache. Sasa nikamwona kijana, mkaidi, amesimama mbele ya Mzungu anamjibu vibaya kwa ajili ya minazi yake. Imeandikwa kabisa, "minazi yake".

Jambo moja tu halikukaa sawa. Baada ya jina la babu na neno "bin", palitakiwa kuwa na jina la baba yake. Pale liliandikwa jina la kike. Tena si jina la kike la kiungwana, si la mke au binti wa Mtume. Lilikuwa jina la namna ile wanayopewa watu walionunuliwa, jina la kumfurahisha mnunuzi. Na hapa silitaji, maana si jina alilojichagulia. Nikasema moyoni kwamba bwana shamba alikosea.

Nikamwonyesha mtunza nyaraka, mwanamke wa makamo, mtu mzuri sana kwangu. Akaniuliza kama nimetazama mashauri ya liwali. Liwali alikuwa mkubwa wa mji aliyewekwa na serikali, na ndiye aliyehukumu Waislamu wa pwani katika mirathi, ndoa na minazi. Akasema kuna mabunda machache yaliyosalia, ila hayana anayeyaagiza, kwa kuwa yameandikwa kwa Kiarabu.

Yakaletwa. Nilipofungua bunda la kwanza nilikata tamaa, maana Kiarabu mimi nakisoma msahafuni tu, sijui maana yake. Lakini herufi nilizijua tangu utotoni, chuo cha Kurani. Nikaanza kuvuta herufi kwa herufi, kama mtoto, midomo ikitikisika. Nilitarajia Kiarabu. Sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa Kiswahili.

Ilikuwa khati ileile ambayo mama yangu, ambaye hakukanyaga shule ya serikali, aliandikia barua zake. Kiswahili safi cha watu wa pwani, kimevalishwa herufi za Kiarabu, kimekaa pale miaka na miaka kikiitwa lugha ya kigeni. Nilirudi kila wiki. Nilisoma ugomvi wa mipaka, talaka, mtu aliyeweka minazi rehani kwa kanga za harusi ya bintiye. Na siku moja, katikati ya bunda, nikalikuta lile jina la kike.

Lilikuwa shauri la minazi. Mdai alikuwa mtoto wa tajiri aliyekufa, mtu wa ule ukoo wa mji mkongwe. Mdaiwa alikuwa mwanamke, ametajwa kwa jina lake moja na maelezo: mjakazi wa marehemu, sasa huru. Mdai alisema ardhi ni ya baba yake, mwanamke aondoke. Mwanamke alisema, na karani wa liwali aliyaandika maneno yake kama yalivyotoka:

"Bwana wangu alinipa pori, hakunipa shamba. Shamba nimelifanya mimi. Kila mnazi nimeutia ardhini kwa mkono huu, nimeumwagilia kwa kichwa hiki, mwanangu mgongoni. Huyu anayedai hajui hata upi ulitangulia kuzaa."

Mashahidi wakaletwa, majirani, Waislamu wa kuaminika. Liwali akahukumu kwa desturi ya pwani, kwamba aliyepanda ndiye mwenye mti, na kwamba pori lile alipewa mbele ya watu, na kupewa ni kupewa. Shamba likawa lake na la mwanawe baada yake. Mwana akatajwa. Jina la babu yangu.

Nikalisoma tena jina lile. Nikafikiri juu ya baba, aliyekufa akiwa na jina la tajiri yule mwishoni mwa jina lake. Nikafikiri kwamba mama mzaa babu yangu alisimama barazani, mjakazi wa jana, akawashinda watu wale kwa maneno yake mwenyewe, na sisi uzao wake tukaenda kuazima jina la alioshindana nao. Halafu nikaona jambo jingine, la furaha. Tumeshinda. Hakuna ushahidi duniani unaotufaa kuliko huu. Watu walioliuza shamba ni wajukuu wa mdai aliyeshindwa, na hukumu ilikuwa mkononi mwangu.

Niliomba nakala zenye muhuri za karatasi zote mbili, ya faini na ya hukumu. Nikapiga simu nyumbani nikasema nimepata.

Nyumbani kwa ami palipikwa biriani. Baada ya kula nikasoma. Nilianza na ya faini, wakacheka, ami akapiga goti lake kwa furaha akasema, "Huyo ndiye baba yangu!" Kisha nikasoma hukumu. Nilipofika kwenye "mjakazi wa marehemu" sauti ya kijiko ilikoma mezani. Nikasoma mpaka mwisho. Nilitazamia watu wanikumbatie.

Ami akasema, "Umesoma vibaya."

"Nimesoma herufi kwa herufi, ami. Na Ustadh wa mtaani kwangu nimempa, naye kasoma hivyohivyo."

"Umempa mtu wa nje?" Alisimama. "Umempa mtu wa nje asome?"

Kaka akajaribu kutuliza. "Ami, tulia. Na wewe," akanigeukia, "fikiri kidogo. Binti yangu anaposwa na watu wa mji mkongwe. Wiki ijayo wanaleta barua ya posa. Unataka tuseme nini, kwamba bibi yake alinunuliwa sokoni?"

"Bibi yake alishinda shauri," nikasema. "Hii ndiyo karatasi pekee inayosema shamba ni letu. Tukiificha, tunasema nini barazani?"

"Tutasema tangu enzi," ami akajibu. "Tutasema sisi ni Washirazi, damu moja na wauzaji, kwa hiyo shamba ni la ukoo mzima na hawakuwa na haki ya kuliuza peke yao. Hiyo inatosha. Karatasi hiyo haitoki chumba hiki."

"Ami, wale wameshasema sisi ni watu wa nyumbani kwao. Wanajua. Mji mzima unajua. Ni sisi tu tusiojua."

Hapo alinitazama, nikaona usoni kwake kwamba hata sisi si wote tusiojua. Akasema taratibu, "Bora tukose shamba."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa akikusanya sahani.

Siku ya kusikilizwa nilizichukua nakala zangu nikaenda nazo. Ami na kaka walikuwa wamekaa mbele, kanzu nyeupe, hawakunigeukia. Wauzaji walikuja na wakili. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mwanamama mwenye sauti ya chini, mvumilivu. Ami alieleza habari za Shirazi na damu moja. Wakili wa wauzaji akamsimamisha mkubwa wa ukoo, na yule mzee, bila ukali wowote, akasema: "Hawa si ndugu zetu. Tunawaheshimu, lakini si ndugu zetu. Walikuwa watu wetu."

Nikaomba kusema. Nikasoma faini, nikasoma hukumu. Nikaona mkubwa wa ukoo amefumba macho, na wakili akimnong'oneza kwa haraka, na yule mzee akitikisa kichwa kama asemaye ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Waliogopa. Nasema kweli, mbele ya watu wote wale walimwogopa mjakazi wao.

Mwenyekiti alizipitia nakala. Akasema, "Hii ni hukumu, na ina uzito. Swali langu ni moja. Huyu mwanamke na uzao wake walipewa haki. Nyinyi ni uzao wake?" Hakuniuliza mimi. Mimi nilizaliwa juzi. Alimtazama ami, mkubwa wa ukoo wetu. "Mzee, wewe ni mtoto wa huyu aliyetajwa kama mwana. Mama yake baba yako ni nani? Ni huyu?"

Ami alikuwa ameshaapa, mkono juu ya msahafu. Nilisikia feni inavyozunguka. Nilisema moyoni, sema ndiyo, ami. Neno moja. Umlipe mwanamke yule kwa neno moja.

"Simjui," akasema. "Karatasi hiyo ni ya watu wengine. Majina hufanana."

"Hapa kwenye faini baba yako ameitwa kwa jina la huyu mwanamke."

"Mzungu alikosea."

Nilikuwa nimesema maneno hayohayo, Dar es Salaam, peke yangu.

Mwenyekiti akamgeukia shangazi, aliyekaa nyuma, amejifunika mtandio mpaka puani. "Na wewe, mama? Wewe ni dada yake. Unamjua mwanamke huyu?"

Shangazi alimtazama ami. Akasema, "Kaka yangu ameshasema."

Uamuzi haukuchelewa. Baraza liliona kwamba hukumu ya liwali ni ya kweli, na kwamba huenda shamba lina wenyewe, lakini walio mbele yake wamekana kwa kiapo kuwa si wao. Na kuhusu damu moja, hakukuwa na ushahidi. Mnunuzi akabaki na hati yake. Siwezi kulilaumu baraza. Lilituuliza kwa kauli wazi, likatupa nafasi, tukajibu.

Mnunuzi alizungusha ukuta wa matofali. Minazi iliangushwa kwa msumeno wa mashine. Nilikwenda kutazama kwa siku moja, nikasimama barabarani na wapita njia. Mnazi mrefu hauanguki ghafla kama watu wanavyodhani. Kwanza kilele kinatikisika, kama umeitwa jina, halafu unalala wote. Magogo yaliachwa yaoze palepale, na hakuna bwana shamba aliyekuja kumtoza mtu faini.

Posa ya binti wa kaka ilivunjika. Wenye kijana walisema wamesikia maneno yaliyosemwa barazani, kwamba hawana neno, lakini kijana bado anataka kusoma. Kaka alinilaumu mimi, na bado ananilaumu. Tukikutana msibani ananipa mkono, basi. Ami hakunisemesha tena. Alipougua kiharusi nilikwenda hospitali, nikakaa upande wa miguu, akageuza uso ukutani kwa ule upande aliobaki nao. Aliishi hivyo mwaka mmoja na kitu, akafa. Kwenye tangazo la msiba jina la ukoo wa watu wale liliandikwa mwishoni mwa jina lake. Katika ukoo wenyewe walikuja wawili, wakakaa kidogo, wakaondoka.

Baada ya matanga na khitma na watu kutawanyika, nilibaki na shangazi jikoni, tunasugua masufuria. Nikamwuliza swali nililotoka nalo barazani.

"Shangazi, ulimjua?"

Aliendelea kusugua. "Sikumwona kwa macho. Lakini mama yangu alimwuguza mpaka akafa. Alikuwa na sauti kubwa, alisema. Hakupenda kuamkiwa na watoto wa mji kwa sababu walimwamkia kwa kebehi. Na minazi aliipa majina, kila mmoja. Akiupita anausalimu."

"Ulijua tangu mwanzo."

"Tulijua sote. Baba yako naye alijua."

Hilo lilinichoma kuliko yote, la baba. Nikamwambia, "Basi kwa nini hukusema? Uliulizwa mbele ya watu. Neno moja tu."

Shangazi akaweka sufuria chini. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini maji yana chumvi.

"Mwanangu, siku ile wewe ulisema, ukarudi nyumbani kwako. Mimi ningesema, nikarudi nyumbani kwa nani?"

Nikalisuuza lile sufuria. Neno lake ni la kweli, lakini halinitulizi. Watu huniambia nimsamehe ami, kwamba aibu ile aliirithi, hakuitengeneza yeye. Huenda. Mwanamke yule naye alirithishwa aibu, tena akiwa na mtoto mgongoni, na akaenda barazani akasema maneno yake. Hakusoma, hakuwa na kanzu nyeupe, hakuwa na wa kumsimamia. Sisi tulikuwa na vyeti, na maduka, na karatasi yenye muhuri.

Mwezi wa Shaabani uliofuata nilimwita Ustadh wa mtaani kwangu, nikawaalika majirani wachache wanawake, nikapika pilau, nikataka asomewe dua. Ustadh akaniuliza majina ya marehemu. Nikataja baba, mama, babu. Nikataja la kwake. Alilirudia jina, akanitazama, akaniuliza, "Binti wa nani?"

Nikamwambia hilo halikuandikwa popote. Nimelitafuta.

Akafikiri kidogo, akasema basi atamtaja kwa Hawa, mama wa watu wote, kama anavyotajwa kila asiyejulikana wazazi wake. Akasoma. Kaka nilikuwa nimempelekea habari, na shangazi pia. Kaka hakuja. Shangazi alituma mtu na sahani ya visheti iliyofunikwa kitambaa, na salamu kwamba miguu inamsumbua.